Gharama za Kukodi Kontena la Kifusi na Taka za Nyumbani

Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Mji wa Zanzibar



Kila mwaka kabla ya mvua za masika, na kila pale familia inapojitayarisha kwa harusi au kwa mwezi wa Ramadhani, nyumba nyingi za Mji wa Zanzibar hufanyiwa matengenezo. Plasta iliyofumuka hubanduliwa, choo cha zamani huvunjwa, dari iliyooza hushushwa na ukuta ulioinama hujengwa upya. Mwenye nyumba huwa amekwisha kuhesabu chokaa, saruji, mchanga, mbao na ujira wa fundi. Jambo moja husahauliwa mara kwa mara, nalo ni kile kitakachotoka ndani ya nyumba. Ikifika siku ya tatu ya kazi, kifusi kimeziba mlango, jirani hana pa kupita, sheha ameitwa, na hapo ndipo mwenye nyumba anapoanza kuulizia kontena, hali fedha zimekwisha.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza bei ya kontena hutokana na nini, na vipi mwananchi wa kawaida aweza kuipunguza bila ya kuvunja sheria wala kumdhulumu jirani. Jambo kuu la kushikwa ni moja: gharama za kifusi huamuliwa kabla ya nyundo ya kwanza kugonga ukuta. Aliyepanga mapema hulipa kidogo, na asiyepanga hulipa zaidi yeye mwenyewe, au huwalipisha wengine.

KINACHOLIPIWA

Mtu anayekodi kontena hudhani kuwa analipia sanduku la chuma. Kwa hakika analipia mambo matano.

La kwanza ni safari za gari: ya kulileta kontena likiwa tupu na ya kulichukua likiwa limejaa. La pili ni siku ambazo kontena litakaa mahali hapo, kwani kontena lililosimama kwa mtu mmoja haliwezi kumtumikia mwengine. La tatu ni uzito wa kilichomo. La nne ni masafa ya kwenda jaani. Kwa kisiwa cha Unguja, jaa kuu liko Kibele, Wilaya ya Kati, mbali na mji, na mafuta ya gari huhesabiwa kwenda na kurudi. La tano ni ruhusa ya kuliweka kontena njiani au katika uwanja wa umma, ambayo hutafutwa kwa Baraza la Manispaa la eneo linalohusika.

Kati ya mambo hayo, uzito ndio unaowashangaza wengi. Mita moja ya ujazo ya taka za kawaida za nyumbani, ambazo hazijashindiliwa, huwa na kilo mia chache tu. Mita moja ya ujazo ya kifusi cha mawe na chokaa huwa na tani moja na zaidi, na kikiwa na saruji nyingi au kikirowa kwa mvua uzito huzidi tena. Ndiyo maana kontena kubwa linalofaa kwa majani, magodoro na mbao halifai kwa kifusi: likijazwa mawe mpaka juu, gari haliwezi kulinyanyua. Kontena la kifusi kwa kawaida halizidi mita 6 za ujazo, na hujazwa kwa usawa wa kingo zake tu. Mwenye nyumba anayerundika juu ya kingo huweza kulazimika kuyateremsha mawe kwa mikono, na kuilipia siku hiyo pia.

Kwa hivyo, kabla ya kukubaliana, ni vyema mwenye nyumba amuulize mwenye kontena masuali yafuatayo. Bei iliyotajwa ni ya siku ngapi? Imejumuisha safari zote mbili? Imejumuisha malipo ya jaani? Uzito wa mwisho ni kiasi gani? Nani atatafuta kibali cha kuliweka njiani? Taka hizo zitapelekwa wapi? Majibu yaandikwe, na stakabadhi itolewe. Bei ndogo isiyo na majibu haya mara nyingi huwa ni mwanzo wa bei kubwa.

HESABU YA UKUTA MMOJA

Mfano ufuatao unaweza kufanywa na kila mtu kwa kamba na karatasi. Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe huwa na unene wa karibu nusu mita. Ukuta wenye urefu wa mita 4, kimo cha mita 3 na unene wa nusu mita una mita 6 za ujazo. Mwenye nyumba akiona hivyo husema kuwa kontena moja la mita 6 litatosha. Halitoshi. Ukuta ukivunjwa, mawe hayalali tena kama yalivyopangwa na mwashi; baina yao huingia nafasi tupu, na kifusi huchukua mahali pa kiasi cha mara moja na nusu ya ukuta. Mita 6 zimekuwa mita 9. Uzito wake, ambao ni kiasi cha tani 10, haukubadilika, lakini sasa yanahitajika makontena mawili.

Hesabu hii haikutaja shilingi, kwa sababu bei hubadilika kwa msimu, kwa mafuta na kwa mtoaji wa huduma. Inatosha kuchukua bei ya siku hiyo na kuizidisha kwa idadi ya makontena. Mwenye nyumba aliyetenga fedha za kontena moja atajikuta amepungukiwa na nusu ya mahitaji yake katikati ya kazi.

Sasa hesabu hiyo hiyo itazamwe kwa njia nyengine. Nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Vitu hivi si taka. Jiwe la ukuta wa zamani likisafishwa hurudi ukutani. Boriti ambayo haikuliwa na mchwa hutumika tena kwa dari ndogo, kwa ngazi au kwa jukwaa la fundi. Chokaa ya zamani na udongo vikichekechwa huweza kujazia sakafu. Milango na madirisha ya kuchonga ni mali na urithi, na haifai kabisa kuonekana ndani ya kontena.

Mwashi akivunja ukuta kwa uangalifu, akaanza juu kuteremka chini, na nusu ya mawe yakapangwa pembeni, kifusi kinachobaki ni kiasi cha mita 4 na nusu. Hapo kontena moja linatosha, na nafasi inabaki. Ni kweli kuwa uvunjaji wa namna hiyo huchukua muda, na fundi hudai siku moja au mbili za ziada. Lakini siku hizo zipimwe na kontena la pili, pamoja na mawe mapya ambayo yangelazimika kununuliwa. Mara nyingi mizani huelemea upande wa uangalifu.

Jambo jengine ni plasta ya saruji. Saruji ngumu ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa huuzuia ukuta kutoa unyevu. Baada ya muda hububujika na kuanguka, ikichukua uso wa ukuta pamoja nayo. Kifusi chake hakina kazi kubwa tena, na mwenye nyumba hulipia kukiondosha na kulipia plasta nyengine. Plasta ya chokaa hupumua pamoja na ukuta. Kwa nyumba ya zamani, basi, uamuzi wa leo wa kupaka chokaa ni kontena moja lililookolewa siku za mbele.

MJI MKONGWE NA NJIA ZAKE

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe imekuwepo tangu mwaka 1985, na sheria ya mwaka 1994 iliiwekea madaraka juu ya ujenzi na uvunjaji katika eneo hilo. Mwenye nyumba hapaswi kuvunja kitu kwanza na kutafuta kibali baadaye.

Wakaazi wa mji huu wana gharama moja wasiyokuwa nayo wenzao wa Ng'ambo. Vichochoro vyao vilijengwa kwa ajili ya watu na wanyama wa mizigo. Gari la kontena halipiti. Kontena hulazimika kukaa kwenye barabara au uwanja ulio karibu, na kifusi hubebwa kwa viroba, kwa mapakacha au kwa mkokoteni hadi hapo. Mkokoteni ukichukua kilo 250, tani 10 za ukuta uliotajwa ni safari 40. Ujira wa wachukuzi, basi, huweza kukaribia au kuzidi kodi ya kontena lenyewe, na usipoingizwa katika makisio, makisio yote huwa ni ya uongo.

Kwa sababu hiyo inafaa siku ya kontena ipangwe pamoja na siku ya wachukuzi. Kontena likiletwa kabla ya kifusi kuwa tayari, mwenye nyumba hulipia siku za bure, na majirani wasiojua hulitia taka zao usiku. Kontena likichelewa, kifusi hukaa kichochoroni. Wachukuzi nao wapatiwe glavu na vitambaa vya pua, kwani vumbi la chokaa huunguza macho na kifua.

Wakati wa kungojea kontena, kifusi kisirundikwe juu ya dari ya ghorofa. Mita moja ya ujazo ya kifusi ni tani moja au zaidi, sawa na watu wazima 14 au 15 waliosimama mahali pamoja bila ya kuondoka. Boriti ya zamani ambayo ncha zake zimeoza ndani ya ukuta haikutengenezwa kwa mzigo wa namna hiyo. Kifusi kiteremshwe kila siku, kidogo kidogo.

Msimu nao una sehemu yake. Kazi ya kuvunja ikifanywa katika kaskazi, miezi ya Januari na Februari, kifusi hutoka kikiwa kikavu. Ikifanywa katika masika, chokaa na udongo hunywa maji, uzito huongezeka, na mwenye nyumba hujikuta anasafirisha mvua hadi Kibele. Turubai moja juu ya lundo hupunguza hasara hiyo.

KUTENGANISHA NI KUPUNGUZA BEI

Kosa linalofanywa na wengi ni kuliona kontena la kifusi kuwa ni ruhusa ya kutupa kila kitu. Magodoro, makuti, maganda ya ndizi, nguo kuukuu, mifuko na mabaki ya chakula hutiwa juu ya mawe. Kifusi kisafi kina matumizi: hujazia misingi na mashimo ya njia, na jaani hutumika kufunikia taka na kutengeneza njia za magari. Kikichanganywa na taka zinazooza, faida hiyo yote hupotea, kwa sababu kinachooza hubonyea, na njia au sakafu iliyojengwa juu yake hupasuka.

Nchi ambazo huduma ya kukodi makontena imezoeleka kwa muda mrefu zimeiweka tafauti hii katika sheria zao za fedha. Uingereza ilianzisha kodi ya taka zinazozikwa jaani tarehe 1 Oktoba 1996: pauni 7 kwa tani ya taka za kawaida, na pauni 2 tu kwa tani ya mawe, matofali na zege visivyochanganywa na kitu. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, viwango hivyo vilikuwa pauni 126.15 na pauni 4.05. Yaani tani ya taka ilitozwa zaidi ya mara 30 ya tani ya kifusi kisafi, na mwenye kontena lililochanganywa alikuwa katika hatari ya kulipa kiwango cha juu kwa mzigo wote. Kodi hiyo si ya Zanzibar, na haikutajwa hapa ili iigwe. Inaonesha tu thamani ya kutenganisha pale kila kitu kinapopimwa kwa mizani.

Kwa hapa nyumbani, njia iliyo nyepesi ni kuwa na malundo matatu tangu siku ya kwanza: vya kutumika tena, kifusi kisafi, na taka. Chuma na mabati yasiingie kontenani, kwani wapo wanunuzi wa vyuma vikuukuu wanaovifuata mlangoni. Taka za jikoni ziendelee na utaratibu wake wa kawaida wa mtaa.

Vipo pia vitu ambavyo havifai kutiwa katika kontena lolote la nyumba: betri za gari, rangi na mafuta machafu, dawa, mitungi ya gesi, na taa za mirija. Mapaa ya zamani ya saruji yenye nyuzi za asbesto yanataka hadhari kubwa zaidi. Vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu ambayo hujitokeza baada ya miaka mingi. Mapaa hayo yasipigwe nyundo wala kukatwa kwa msumeno. Yarowanishwe, yateremshwe yakiwa mazima, na ushauri utafutwe kwa wakuu wa mazingira na Manispaa kabla ya kuyahamisha.

KIFUSI KILICHOTUPWA BURE

Yupo atakayesema kuwa maelezo yote haya hayana maana, kwa kuwa kifusi huweza kuondoshwa usiku kwa gari la ng'ombe na kumwagwa mtaroni, pwani au katika kiwanja kisicho na mtu. Kwa mtazamo wake hapo hakuna gharama.

Gharama ipo, ila mlipaji amebadilika. Mji wa Zanzibar umekaa mahali pa chini. Baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na hori la bahari lililofukiwa kidogo kidogo mpaka katika karne ya 20, na jina la Darajani limebaki kuwa kumbukumbu ya daraja lililokuwapo hapo. Maji ya mvua ya mitaa mingi hayana njia nyengine isipokuwa mitaro. Kifusi kikitupwa mtaroni hakielei wala hakiozi. Hukaa pale pale, na kila mfuko na kila tawi linalopita hunasa juu yake. Ikija masika, maji hurudi majumbani. Wakaazi wa Sebleni na Mwanakwerekwe hawahitaji kuelezwa habari hiyo.

Maji hayo huingia vyooni kabla ya kuingia vyumbani. Zanzibar imekijua kipindupindu tangu karne ya 19, na mripuko wa mwaka 2015 hadi 2016 ulizichukua roho za watu. Maradhi hayo huletwa na maji na chakula vilivyochafuliwa, na mtaro ulioziba ni miongoni mwa njia zinazoufikisha uchafu kisimani. Kwa hivyo kontena ambalo mtu mmoja alikataa kulilipia, mwengine hulilipa kwa godoro lililorowa, kwa siku za kazi zilizopotea, au kwa mtoto aliyelazwa. Manispaa nayo hulipa mara mbili: kukizoa kifusi kutoka mtaroni, kazi iliyo ngumu kuliko kukizoa mlangoni, na kisha kukipeleka kule kule Kibele ambako kingepelekwa tangu mwanzo.

Asiye na uwezo wa kontena zima asiachwe peke yake. Mara nyingi katika mtaa mmoja huwapo nyumba mbili au tatu zenye matengenezo madogo. Kila mmoja akikodi lake hulipia nafasi tupu. Wakishirikiana wanagawana safari moja. Sheha ndiye mwenye kuzijua nyumba hizo, na ni jambo jema mwananchi akimpa habari wiki moja kabla ya kuanza kazi. Sharti la ushirika ni moja: wote watie kitu cha aina moja, na fungu la kila mmoja lipimwe kwa ndoo au kiroba, ili pasiwepo manung'uniko.

NANI ALIPE

Ugomvi mwingi huzuka baina ya mpangaji na mwenye nyumba. Katika Mji Mkongwe zimo nyumba za Serikali, za wakfu, za watu binafsi na za warithi wengi waliotawanyika. Mpangaji huona kuwa jengo si lake. Mwenye jengo huona kuwa aliyevunja ndiye aondoshe. Njia ya kuepusha ugomvi ni kuliandika suala la kifusi katika makubaliano ya matengenezo, kabla ya kazi, pamoja na jina la atakayelipa na siku ya mwisho ya kukiondosha.

Kwa watumishi wa Serikali wanaotayarisha makisio ya matengenezo ya ofisi, skuli na vituo vya afya, somo ni hilo hilo. Uondoaji wa kifusi uwe na mstari wake katika makisio: ujazo uliopimwa, idadi ya safari, ujira wa wachukuzi na malipo ya jaani. Mkandarasi aliyetaja bei ya chini na kisha akaacha lundo nyuma ya skuli hakuwa na bei ya chini. Amewaachia walimu na watoto sehemu ya bei yake. Malipo ya mwisho yasitolewe mpaka uwanja uwe umesafishwa na stakabadhi ya jaani imeoneshwa. Ofisi ya umma ikiacha kifusi chake njiani, haitakuwa na ulimi wa kumkataza mwananchi.

HITIMISHO

Kwa ufupi, mwenye nyumba anayetaka kupunguza gharama apime kabla ya kuvunja, aongeze nusu kwa ajili ya kulegea kwa kifusi, aokoe mawe na boriti, atenganishe malundo matatu, akubaliane bei kwa maandishi, achague msimu wa ukavu, na amtafute jirani wa kushirikiana naye. Hakuna katika hayo linalohitaji elimu kubwa wala chombo cha ghali. Linalohitajika ni siku moja ya kukaa na fundi, kamba na karatasi.

Wazee waliojenga nyumba hizi kwa mawe ya matumbawe hawakutupa jiwe linaloweza kupangwa tena. Anayefuata desturi hiyo leo huhifadhi fedha zake, nyumba yake na njia ya jirani yake kwa pamoja.